Abla Inshirah na Kosa la "Sasa Hivi"

Alhamisi hii, tarehe 15 Januari, Mwalimu Inshirah Abdultawab, Abla kwa watoto na kwetu sote, anatimiza miaka sitini na kukabidhi ufunguo wa chekechea ya chuo chetu hapa Mansura. Ameishi na ufunguo huo kwa miaka thelathini na mitatu, na katika muda wote huo hakuna mwalimu wa chekechea aliyehitimu kwetu bila kupita mikononi mwake.

Alikuja akiwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa, kuwasimamia wanachuo katika mafunzo ya vitendo. Wembamba umeondoka, sauti ipo. Sisi wahadhiri wa nadharia tuko ghorofa ya pili, yeye yuko chini na udongo wa kufinyanga, na kila mwaka hutuuliza kwa upole wa kujifanya kama huko juu nako kuna watoto. Siku ya kwanza nilipokwenda kuwatazama wanafunzi wangu, nilisimama mlangoni na suti mpya. "Daktari, unawazibia watoto mwanga! Hebu kaa chini," Abla akaniamuru. Nikakaa. Juu ya gundi.

Chumbani mwake mwanachuo aliruhusiwa kukosea karibu kila kitu. Amwage rangi, asahau wimbo katikati, avae aproni nyuma mbele, Abla atacheka tu na kumpa kitambaa. Lakini kosa moja lilikuwa halina msamaha: kumwambia mtoto anayelia kwamba mama yake anakuja sasa hivi. Mjini kwetu maneno hayo hayakauki midomoni. Fundi bomba anakuja sasa hivi, chai inakuja sasa hivi, na bwana harusi naye yuko njiani. Kwa Abla huo ulikuwa uongo mtupu. Mwanachuo alipaswa kumwambia mtoto mama yuko wapi, na kwamba atakuja baada ya jambo gani: baada ya chakula, au baada ya kulala. Mtoto wa miaka mitatu hajui saa, lakini kulala anakujua.

Sheria hiyo nusura imfukuzishe chuo Wisam Abulezz. Alikuwa ameshawahi kurudia mwaka, na akishindwa tena ilikuwa basi, arudi kwao. Asubuhi ya mtihani wake wa vitendo, muuguzi mmoja alimleta mwanawe Yasin, mtoto mgeni, akakimbilia zamu yake. Yasin akaanza kulia kabla wimbo haujaanza. Mtahini kutoka nje ya chuo, bwana mwenye haraka zake, akamnong'oneza Wisam: "Mwambie mama yake yuko njiani, binti yangu, tuendelee."

Wisam akapiga magoti mbele ya mtoto. "Mama yuko hospitali, anawatibu wagonjwa. Atakuja ukishalala na kuamka. Najua ni muda mrefu, habibi. Njoo tukae pamoja."

Yasin akaangua kilio kikubwa zaidi, na wenzake wawili wakampokea kwa sauti ya juu. Mtahini akaandika neno moja, na halikuwa la sifa.

Mimi nilijiandaa kumtetea kwa nadharia. Abla akanivuta shati, akamwendea mtahini kwa adabu ya kutisha. "Ustaz, utaondokaje bila kula? Dengu ziko motoni. Unataka watu waniseme?"

Mtu wa Mansura atakataaje? Akala, akanywa chai ya mnanaa, akaongezewa. Wakati huo kwikwi za Yasin zilikuwa zikipungua pajani kwa Wisam. Akaonja dengu, akalala. Alipoamka alivaa viatu, cha kushoto mguu wa kulia, akaenda kukaa karibu na mlango bila chozi, na baada ya kitambo kidogo mama yake akaingia. Mtahini akafuta alichoandika bila kuambiwa na mtu. Wisam akafaulu, na mtahini akaondoka na gundi yake kwenye suruali.

Mengine aliyoyafanya Abla hayataenea katika jarida hili. Ndiye aliyewabembeleza maseremala wa Dumyati, mji wa samani, mpaka wakatuletea vipande vya mbao vya watoto kujengea. Ndiye pia aliyeokoa uwanja wa mchanga usigeuzwe maegesho ya magari, kwa kuketi humo na chekechea nzima siku wakubwa walipokuja kupima.

Sasa nieleze yaliyotokea Jumapili, maana wengi mmeyasikia nusunusu. Wisam, ambaye ndiye anayepokea ufunguo, alikuwa akimsaidia Abla kufunga makatoni. Judi, mwenye miaka minne, akasimama mbele yao. "Abla, unahama? Utarudi lini?"

"Nitarudi sasa hivi, mpenzi wangu," Abla akajibu.

Wisam akaweka katoni chini. "Abla," akasema polepole, "hilo umenikataza wewe."

Abla akageukia dirishani. Kisha akashuka sakafuni, magoti yakilalamika, akawakusanya watoto. "Nimewadanganya. Sitarudi kufundisha. Nimezeeka, naenda kukaa nyumbani na maua yangu. Nitakuja kuwatembelea, lakini si leo wala kesho. Mtalala na kuamka mara nyingi sana. Ramadhani itakuja na fanusi zake, itakwisha, halafu Idi nitaingia mlango ule na sahani ya kahk, biskuti zetu za Idi."

Judi akafikiri. "Za tende?"

"Za tende."

Hapo sauti ile kubwa ikakatika, Abla akalia mbele ya darasa lake. Judi akampigapiga mgongoni, kama naye alivyofanyiwa siku zake za kwanza. "Najua ni muda mrefu," akamwambia. "Njoo tukae pamoja."

Abla Inshirah, asante. Chumba kile kitakuwa na ukiwa bila wewe, na hatuthubutu kukuambia vinginevyo. Mungu akupe afya, magoti yanyamaze, maua yashike. Sisi wa ghorofa ya pili tunashuka siku hiyo ya Idi, na tutakaa chini bila kuambiwa. Judi ameshaanza kuuliza kila asubuhi kama Ramadhani imekwisha, na Wisam anamjibu kweli.