Mbuzi Tisa Ambao Mashine Haikuwaona

Base yetu, kibanda cha kahawa tunapopigia soga, iko mkabala na lango la soko la mifugo hapa Isiolo, na kahawa ya hapo ina tangawizi ya kumwamsha hata askari wa lango. Asubuhi hiyo Mzee Lokorio wa Oldonyiro alitujia na mbuzi tisa, jasho linamtoka. Alikuwa amepitisha arobaini langoni. Mashine mpya ya kuhesabu ikaandika thelathini na moja. Lori la Nairobi lilikuwa linapakia, na mnunuzi hagusi mbuzi asiye kwenye karatasi. Aliyeitengeneza mashine, Jattani, tunayemwita Injinia, alikuwa papo hapo benchini na kikombe chake cha tatu. Kilichotakiwa ni arekebishe karatasi, atie sahihi, basi.

— Injinia, niandikie arobaini. Lori iko karibu kujaa.

— Ngoja, mzee. Lazima kwanza tujue shida ni nini.

— Shida ni rangi — akadakia Abduba Chaja, fundi wa simu. — Ile taa ya langoni haioni mbuzi mweusi.

— Yangu nyeusi ni mbili tu — alisema Lokorio.

— Basi hao wawili wameambukiza wengine.

Umuro, tunayemwita Waziri kwa kuwa aliwahi kukaa kwenye kamati ya soko miezi miwili, akaweka kikombe chini.

— Nyinyi hamjui kitu. Wazee wetu hawahesabu mifugo ovyo ovyo. Mashine ilianza, ikaona haya, ikaruka tisa.

— Wacheni hizo! — Injinia alisimama kabisa. — Mbuzi akikata mwanga, mguu mmoja wa chip, ule ubongo wa mashine, unapata habari.

— Kwani chip iko na miguu? — aliuliza Waziri.

— Ishirini na nane.

— Na bado inashindwa na mbuzi wa minne!

— Waziri, sikiza. Chip inaongeza moja, inaandika kwa skrini, inalia pii, inatuma meseji ofisini. Ikimaliza yote, ndiyo inarudi kuangalia ule mguu.

— Na mbuzi ikipita wakati inatuma meseji? — aliuliza Lokorio.

— Haruhusiwi kupita.

— Mbuzi haijui hiyo.

— Sasa umeona? Mashine iko sawa. Mbuzi ndio hawana mpangilio — alisema Injinia.

Nami nilitikisa kichwa kukubali, Mungu anisamehe.

— Si uiambie iangalie mguu kila ikimaliza kazi moja? — alisema Chaja. — Ikiandika, iangalie. Ikilia, iangalie.

— Itachoka! — alisema Waziri.

— Haina haja — alisema Injinia. — Niliijaribu, ikapita.

— Kwa mbuzi wangapi? — aliuliza Chaja.

— Mmoja. Mpole sana.

— Injinia, lori imewasha — alisema Lokorio.

— Nakuja, mzee, nimalizie hii pointi.

— Dawa ni semina — alisema Waziri. — Siku ya kwanza wafugaji, siku ya pili mbuzi. Na chakula cha mchana.

Hapo mjadala ukawaka moto. Chaja alitaka mbuzi wavae kadi shingoni. Injinia alitaka lango la pili la kuhesabu waliorukwa na la kwanza. Tulikuwa tukijadili lango la tatu alipofika Hoda, mchuuzi wa maziwa ya ngamia, na madumu yake.

— Asalaam aleikum. Yule mzee anayekimbiza lori na mbuzi wake kule barabarani, si alikuwa hapa na nyinyi? Ameondoka saa ngapi?

Tukageuka kutazama pale mzee alipokuwa. Hapakuwa na mzee wala mbuzi.

— Itakuwa alipita nikiongea — alisema Injinia.