Daktari wa Zizi la Farasi na Glavu Zake

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko kazini, na wewe uliyejilaza huku unajifanya unasoma, karibuni. Vuteni viti. Leo tunamkumbuka mtu aliyefanya kazi katika zizi la farasi maisha yake yote ya utu uzima. Watu walimwita Daktari. Hakuwa daktari. Narudia, nisije nikapigiwa simu: hakuwa daktari. Alikuwa mtunza farasi. Alizoa samadi, alibeba marobota ya nyasi kavu, aliwaogesha farasi na kuwapiga brashi. Jina la Daktari lilitokana na glavu.

Kila kazi na glavu zake. Wiki hii nimekwenda mwenyewe zizini. Ukiingia chumba cha kuwekea matandiko, utaona misumari ukutani, na kila msumari umetundikwa glavu za kazi yake. Bado zipo. Hakuna aliyethubutu kuziondoa.

Aliyenitembeza ni mlisha farasi, mwenzake wa miaka mingi, mtu ambaye ukimsalimia umeshapoteza nusu ya asubuhi.

"Alikuwa anatuchosha huyu!" akaniambia huku anacheka. "Ukishika kamba bila glavu, anakuvaa. Ukivaa glavu kubwa, anakuvaa vilevile. Anakwambia, 'Hiyo ni glavu au mfuko wa viazi? Itanasa kwenye kifungo cha hatamu, farasi ashtuke, halafu nije nikuzoe na toroli.'"

Na alijua anachosema. Kwa marobota alivaa ngozi nene, maana kamba ya robota hukata viganja. Kwa maji alivaa za mpira, lakini akimaliza tu anazivua, kwa sababu mkono ukikaa na jasho ndani ya mpira huchubuka. Kwa mengine yote, reki, toroli, kumwongoza farasi, alipenda glavu za kufuma zenye utando wa mpira kiganjani. Nyepesi, hazitelezi, na unazifua. Dukani hanunui mpaka ajaribu. Anatoa mfukoni kipande cha mkanda wa hatamu, anavaa glavu, anafunga na kufungua vifungo pale pale kaunta. Vidole vikishindwa, anazirudisha. Muuza duka akimwona anakuja alikuwa anajifanya anaongea na simu.

Siku moja mgeni aliyekuja kupanda farasi aliteguka mguu. Wakamwambia, kamwone Daktari. Mtu kachechemea mpaka bandani. Daktari akautazama ule mguu, akakuna kichwa, akasema, "Pole sana. Mimi nahusika na mikono tu."

Mnacheka. Nami nilicheka. Kisha nikamuuliza mlisha farasi, haya mambo ya glavu aliyaanza lini? Akaigeukia ile misumari ukutani. 

"Mwanzoni alifanya kazi mikono mitupu kama sisi sote," akasema. "Alibadilika kwa sababu ya mwanawe."

Daktari ameacha binti mmoja. Leo ni mtu mzima, ni fundi cherehani, ni mama. Ameniruhusu niyaseme haya hewani, tena ameomba nisipunguze.

Alipokuwa mdogo, ndiyo kwanza ameanza shule, baba yake akirudi kazini alikuwa anapiga magoti mlangoni, anamshika mashavu kwa viganja vyote viwili, anamuuliza habari za shule. Kila jioni. Jioni moja akamshika, na mtoto akarudi nyuma. Akasema, "Baba, usinishike. Mikono yako inakwaruza."

Ni hilo tu, wasikilizaji. Neno la mtoto. Mtoto akakimbilia kucheza, akasahau. Baba hakusahau. Kesho yake alikwenda kutafuta glavu.

Mke wake, ambaye sasa ni mjane, amenipokea sebuleni kwake, akanisimulia kwa machozi na kicheko pamoja. "Mimi nilidhani ana mwanamke," amesema, nami namnukuu alivyosema. "Mwanamume mzima, kila jioni anajipaka mafuta mikononi, kisha anavaa soksi mikononi, anakaa hapo kama bondia anayesubiri kengele. Nikamwambia, 'Mwenzangu, hiyo mikono unampambia nani?' Akasema ngozi imekauka. Basi, nikamwacha na ngozi yake."

Hakumwambia mke. Hakumwambia mtoto. Alimwambia mlisha farasi peke yake, siku moja ya mvua, wamejibanza bandani. Alisema anangoja mikono iwe sawa, ndipo amshike tena mwanawe. Tangu hapo mlisha farasi akawa anamtania: "Daktari, mgonjwa wako anaendeleaje?" Naye anageuza viganja, anavitazama, anasema, "Bado kidogo."

Bado kidogo. Binti akamaliza shule, bado kidogo. Binti akaolewa. Kwenye picha ya harusi, niliyoiona kwa macho yangu, Daktari amesimama pembeni, suti imemkaa vizuri, mikono ameificha nyuma. Bado kidogo.

Na binti je? Yeye alijua jambo moja tu, kwamba baba aliyekuwa akimshika mashavu aliacha. "Nilijua amenichoka," anasema. "Nilifikiri labda alitaka mtoto wa kiume. Nilifikiri mengi. Kwamba ni mimi niliyemkataza, hilo halikunijia hata siku moja."

Jamani! Watu wawili, nyumba moja, meza moja ya chakula, kila mmoja anamngoja mwenzake. Inaniuma, siwafichi. Inaniuma na inanikasirisha.

Mwaka huu binti alijifungua. Daktari akaenda kumwona mjukuu. Alivaa shati jipya. Akasimama karibu na kitanda, mikono nyuma. Binti akamnyooshea mtoto, akasema, "Mpokee, baba." Daktari akajibu, "Mshikeni nyie, mama. Mimi mikono yangu ni ya zizini."

Hapo binti akashindwa kujizuia. Uchungu wa miaka yote ukamtoka. Akamwambia, "Mimi hukunishika, na mwanangu humshiki. Kama unakuja kusimama tu, bora ubaki na farasi wako."

Daktari akasema, "Haya, mama." Akamtazama mtoto kidogo, akaondoka.

Hakurudi tena. Si kwamba alinuna. Mlisha farasi anasema alinunua mafuta mapya, kopo kubwa, akawa anajipaka hata mchana, saa ya mapumziko. Alisema mtoto akianza kucheka na watu, yeye atakuwa tayari. Asubuhi moja alikuwa anajaza maji kwenye ndoo za farasi, akaanguka. Moyo. Mpaka wanamfikisha hospitali, alikuwa ameshakata roho.

Mlisha farasi ndiye aliyempokea binti huko hospitali. Wakakaa kwenye benchi la korido, akamwambia yote. Neno la utotoni, glavu, soksi, lile kopo. "Miaka yote nilijiambia siri si yangu," amenieleza, na safari hii hakucheka. "Leo natamani ningekuwa mmbeya."

Yanayofuata ni maneno ya binti mwenyewe. Nayasoma kama alivyoyasema.

"Niliingia, walikuwa wamemfunika. Nikautafuta mkono wake chini ya shuka, nikauweka hapa shavuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa ile mikono ninayoikumbuka. Ulikuwa laini. Ulikuwa laini kuliko wangu, mimi ninayeshinda na sindano. Mikono ilikuwa tayari, tena tangu zamani. Ila angeniamini mimi tu nikimwambia, na mimi sikuwahi kumgusa. Nikamwambia palepale, 'Baba, haikwaruzi.' Lakini ulikuwa umeshapoa."

Wasikilizaji wapendwa, maneno ya binti yameishia hapo.

Kwa mjane, kwa binti, kwa mjukuu ambaye bado hajui kilichompita, kwa mlisha farasi na wenzake wote wa zizini, poleni sana. Tunalia nanyi. Mungu awape moyo wa subira, na amlaze mzee wetu pema.

Na kwenu nyote mnaonisikiliza. Wengi wetu tunangoja tuwe sawa kwanza. Tupate kazi kwanza, tupone kwanza, hasira zishuke kwanza, ndipo tumwendee fulani. Na huyo fulani naye anadhani tumemchoka. Huenda yuko chumba cha pili sasa hivi, anasikiliza redio hii hii. Usimtafutie maneno mazuri. Inuka, nenda ukamshike mkono, hata kama wako unakwaruza.

Kwa kawaida hapa tunapiga muziki mpaka muda wetu uishe. Leo hatupigi. Nitanyamaza, nanyi mwende. Sisi redioni tupo, tutawasubiri.