Alichokitia Sahihi, Alikipanda

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1948 katika nyumba za watumishi nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa mpaka rangi wa mabehewa na mshonaji wa nguo. Wengi mlimjua kwa jina la Fundi Mkuu, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyethubutu kulifupisha.

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana hiyo. Akiwa darasa la tano alikutwa ofisini kwa mwalimu mkuu, saa ya ukutani ikiwa vipande vipande mapajani mwake. "Nani kakutuma?" aliulizwa. "Ilikuwa inachelewa, Mwalimu." Saa ilirudi ukutani ikitembea sawasawa, naye akachapwa vilevile. Mwaka 1968 aliingia chuo cha ufundi wa ndege na kuhitimu mwaka 1971, akiwa wa kwanza katika kundi lake.

Aliajiriwa na shirika la ndege Januari 1972, akapanda kutoka fundi wa zamu hadi mkurugenzi wa matengenezo, cheo alichokishika mpaka alipostaafu Desemba 2008. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuna kanuni iliyomlazimisha kuifuata. Ndege ikitoka kwenye matengenezo makubwa, naye akishatia sahihi kwamba inafaa kuruka, alipanda mwenyewe safari yake ya kwanza. Meneja mmoja aliwahi kumfokea mbele ya mafundi kwa kuchelewesha sahihi, "Wewe, waziri anasubiri!" Fundi Mkuu alifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Asubiri akiwa mzima." Ndege haikuruka siku hiyo.

Tarehe 21 Juni 1975 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati wa sekondari ya wasichana, ambaye marehemu alimwita Mwalimu maisha yake yote. Walikwenda fungate kwa ndege iliyotoka karakana wiki hiyo hiyo. Bibi harusi hakuwa amewahi kupanda ndege.

"Hii imepona kweli?"

"Nimeitia sahihi, Mwalimu."

"Sahihi ni wino tu."

"Ndiyo maana nimekaa kando yako."

Mwalimu alilala usingizi njia nzima. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume.

Sehemu inayofuata familia inaomba isikilizwe vizuri, kwa sababu imesemwa ovyo mahali pengi.

Mwaka 2019 marehemu alifuatwa na kampuni changa ya teknolojia, iliyotengeneza huduma ya kuita gari la wagonjwa kwa simu ya mkononi. Mkurugenzi wake alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba ambaye hakuwahi kuajiriwa na mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Kompyuta walikuwa nazo, maneno walikuwa nayo tele. Walichokosa ni mvi, maana wenye mitaji hupenda kuona mvi mezani kabla ya kufungua mikoba. Marehemu akaombwa aingie kwenye bodi. Alikubali kwa sababu huduma yenyewe, kama ingefanya kazi, ilikuwa jambo jema. Walimpiga picha akiwa amevaa suti yake ya kijivu, wakaibandika kila mahali.

Vikao vilifanyika katika chumba cha vioo chenye viti vya mifuko, ambavyo mtu mzima akishazama humo huhitaji kuvutwa ili asimame. Wazoefu wenzake kwenye bodi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mama aliyewahi kuongoza kampuni ya bima, na alikuwa mjumbe wa bodi nyingi kiasi kwamba aliwahi kuipongeza kampuni hii kwa mauzo ya mbegu. Wa pili, meneja mstaafu wa benki, alikuwa na kipaji cha kusinzia macho yakiwa wazi.

"Naunga mkono," alisema siku moja, hoja ikiwa bado haijatolewa.

"Unaunga mkono nini, ndugu yangu?" marehemu akamuuliza.

"Hicho kinachokuja."

Kilichokuja ni pendekezo la kuifungua huduma hiyo kwa mji mzima. Marehemu aliuliza nani ameijaribu.

"Mzee wetu," mkurugenzi akasema huku akitabasamu, "teknolojia haiendi hivyo. Tunatoa kwanza, tunarekebisha baadaye."

"Na mgonjwa naye tutamrekebisha baadaye?"

Waliangua kicheko. Walidhani ni utani wa kizee.

Jumamosi asubuhi, tarehe 13 Machi 2021, marehemu alitandika mkeka sebuleni kwake, akalala chali, akamwambia mkewe abonyeze kitufe. Kwenye kioo cha simu kigari chekundu kilitokea, kikakata kona, kikaingia mtaani kwao, kikasimama mlangoni.

"Wamefika?" akauliza kutoka mkekani.

"Kwenye simu wamefika. Barabarani kuna mbuzi."

Muda si muda simu ikaleta ujumbe: asante kwa kutumia huduma yetu, tafadhali tupatie nyota. Gari halikuja siku hiyo, wala kesho yake.

Kwenye kikao kilichofuata alikataa kulitia sahihi pendekezo lile. Wazoefu wenzake walitia, wakanywa chai, wakapanda magari yao. Marehemu aliondolewa kwenye bodi, na kampuni ikatangaza kwamba amestaafu kwa hiari ili kupisha damu changa, akiiachia huduma baraka zake. Huo ni uongo. Hakustaafu, hakupisha mtu, na baraka hakutoa. Alifukuzwa kwa kukataa, na familia hii haioni aibu yoyote kulitamka neno hilo. Aliomba kwa maandishi picha yake iondolewe. Haikuondolewa.

Mwaka 2023 madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka. Alikunywa dawa kwa saa alizopangiwa, na aliendelea kukagua breki za gari la binti yake kila alipokuja. Usiku wa tarehe 5 Februari 2024 alibanwa kifua. Mpangaji wa nyumba ya nyuma, mtu mwema ambaye kila siku huipita picha ile ya suti ya kijivu njia panda, alikuja mbio na simu mkononi. "Niite ile huduma ya Mzee?"

Marehemu alikusanya pumzi. "Hiyo si yangu," akasema.

Mpangaji akaweka simu mfukoni, akaleta gari lake. Marehemu alifika hospitali akiwa hai, akawaona watoto wake wote, na akafariki Jumanne, tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu sita, na mdogo wake anayewasomea haya. Kampuni imeleta shada kubwa na kuomba itajwe miongoni mwa wafiwa, kama "familia yake ya pili". Shada limepokelewa. Kampuni haimo katika orodha.

Picha ya marehemu inayotambuliwa na familia ni moja tu, hiyo iliyo kwenye jalada la kijitabu mlichonacho mkononi. Mtakayoiona njia panda mkirudi nyumbani haimdhamini mtu. Wakati wa shida, mwiteni jirani.

Fundi Mkuu apumzike kwa amani, wala asiamshwe kwa kikao chochote.