Sauti ya Bibi na Diski Inayogonga

Benchi la Mansuri, mbele ya duka lake la vifaa vya shule mjini Kyela, lilikuwa halijawahi kushindwa ubishi wala kumaliza jambo. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa limejaa, mvua ya usiku bado inadondoka kutoka kwenye bati, na mle dukani kompyuta ya mtumba, iliyoingia na soko huria, inagonga: tik, tik, tik. Ndani ya diski yake ndimo ilimobaki sauti ya marehemu mama yake Mansuri akiimba. Kaseti yenyewe ilishaliwa na ukungu. Naila, mjukuu wa marehemu na bingwa wa midahalo chuoni, alirudi likizo kuiokoa ili isikike kwenye arobaini. Alikuja na diski mpya, na mfumo wa kompyuta wa Linux kwenye sidii. Akapita benchini anywe kikombe kimoja tu. Sasa alikuwa ameacha kuhesabu.

— Nimesema diski mpya tuipange kwa ext3, alisema Naila. Inaandika kwanza inachotaka kufanya, ndipo inafanya. Umeme ukikatika, inajua ilipoishia. ext2 ikizimiwa ghafla, inaanza kupekua diski nzima.

— Kwa umeme wa hapa? alicheka Hezroni, fundi redio waliyemwita Transista. Itakuwa inaandika tu, kufanya haifanyi. Kama sisi.

— Na mpango ule wa Reiser je? aliuliza Lameck, dalali wa mizigo mpakani Kasumulu, ambaye kijiwe kizima kilimwita Forodha. Nasikia nyepesi.

— Nyepesi kwa mafaili madogo madogo. La bibi ni moja, refu. Msinichoshe.

— Achana na diski, alisema Transista. Choma sidii, uitundike kwa uzi.

— Kyela hii hata sidii inaota ukungu, alisema Mansuri. Ifukie kwenye gunia la mchele. Vyeti vyangu vyote vimo humo.

— Vyeti havizunguki kama diski, ba'mdogo.

— Basi tuivushe mto Songwe, alisema Forodha. Nusu ya wimbo ikae Malawi. Umeme ukikatika huku, kule bibi anaendelea.

Naila alijua ni upuuzi. Akaujibu hata hivyo, kwa hoja tatu, na ya tatu ilikuwa tamu mno kuiacha bila kuirudia. Diski ilipogonga, alinyoosha kidole dukani.

— Mnasikia? Ndicho ninachosema. Diski inakufa, nyie mnabishana.

Hakuna aliyemuuliza yeye alikuwa akifanya nini.

Asifiwe, aliyelelewa na bibi yule, akashuka kwenye baiskeli kutoka Ipyana na mchele wa arobaini.

— Mugonile, alisalimia kwa Kinyakyusa.

— Ndaga, dada, aliitikia Mansuri. Kaa unywe kahawa.

— Napita tu. Naila, sauti ya bibi mmeshaitoa kwenye hiyo mashine?

Forodha akamtazama Transista. Transista akatazama kikombe chake. Mansuri akainamisha birika, likatoa machicha matupu. Naila akaweka kikombe chake chini. Benchi likanyamaza kwa mara ya kwanza siku hiyo, na ndipo wote waliposikia kwamba mle dukani nako diski imeacha kugonga.