Kheiria Atafuta Rahani

Kijiwe chetu kipo Sidab, pale njia ya kwenda Maskati inapoanza kupanda, na ukitaka kukijua huulizi mtu, fuata kelele. Ubao tunaoukalia niliutoa kwenye sanduku lililokuja na friji ya Muingereza mmoja, nikautandika juu ya mawe ukutani mwa nyumba yangu, nikaweka mkaa na dele la kahawa. Kosa langu. Tangu mwezi wa saba mwaka huu wa sabini, Sultani mpya aliposhika nchi na watu wetu wa Unguja wakaanza kuruhusiwa kuingia, haipiti siku sijawapikia watu wasiolipa. Ghanim tunamwita Redio, maana yeye husikia habari kabla hazijatokea. Bakhit ni Kuweti, alikaa huko miaka sita na kila cha hapa anakipima na cha kule. Mimi wananiita Mizani, kwa sababu miaka kumi na minane nilikuwa karani wa mizani ya karafuu bandarini Unguja. Marhoon peke yake hana jina la utani, ni mtu wa haya zake, na asubuhi hiyo ya Disemba ndiye aliyekuja mbio, kilemba kimelegea, barua iliyofika jana usiku mkononi.

Marhoon: Wamemkubali! Kheiria wangu! Kairo, chuo kikuu, hisabati!

Bakhit: Wallahi?

Marhoon: Wallahi! Na ile miaka yake miwili ya chuo cha ualimu Kuweti wanaihesabu. Anaingia mwaka wa tatu moja kwa moja!

Ghanim: Mie nilisikia jana.

Mimi: Jana mchana kutwa barua ilikuwa kwenye ndege, Ghanim.

Ghanim: Basi si niliisikia ndege?

Bakhit alimkumbatia Marhoon mpaka vikombe viwili vikamwagika, na sikumkemea, kwa sababu na mimi nilikuwa nimesimama nacheka ovyo. Binti wa kwanza wa mtaa wetu kwenda chuo kikuu! Tulikaa kidogo, tukasimama tena, tukakaa.

Marhoon: Sasa nisikilizeni, iliyobaki ni fedha, na leo hii lazima tuamue. Nna njia mbili. Kuna tajiri wa Matrah, Kheiria na mamake wamemwendea tangu alfajiri, anatoa zote kwa mpigo mmoja, riba hataki, ila anataka bei khiyari.

Kwa aliyezaliwa juzi: bei khiyari ni kumuuzia tajiri mali yako kwa karatasi. Ukimrudishia fedha zake katika muda mliopatana, mali inarudi kwako. Ukishindwa, imekwenda. Wazee wetu wamejenga, wameozesha mabinti na wamehiji kwa bei khiyari, na wengine wamelia kwayo.

Bakhit: Na njia ya pili?

Marhoon: Idara ya elimu. Wanakopesha muhula kwa muhula, halafu akimaliza anasomesha miaka mitano, popote watakapompeleka. Afisa wao anapokea karatasi mpaka leo adhuhuri, kisha anafunga mkoba.

Bakhit: Popote! Umelisikia hilo neno, popote? Watampeleka majabalini akasomeshe mbuzi!

Ghanim: Khasa. Nimesikia kuna skuli moja huko juu, mwalimu anapandishwa kwa kamba.

Bakhit: Kuweti mwalimu anapandishwa kwa lifti.

Ghanim: Na akishapanda, kamba wanaikata asiteremke mpaka mtihani.

Mimi: Hiyo skuli ina jina?

Ghanim: Haijajengwa bado.

Marhoon: Mie linaloniogopesha ni umri. Sasa ana ishirini na mbili. Tia miwili ya Kairo, tia mitano ya Idara, atakuwa na ishirini na tisa. Nani atakuja kumposa?

Mimi: Mwenye akili.

Bakhit: Achana na Idara, yakhe! Chukua ya tajiri. Fedha mkononi, binti anasoma, anarudi, hana deni la kumtumikia mtu. Kuna ugumu gani? Weka rahani shamba lako la Mfenesini.

Marhoon: Mikarafuu mia tatu.

Bakhit: Na kama atasema haitoshi, tia na langu la Bumbwini. Mia tano! Kheiria si binti yako peke yako.

Marhoon aliinamisha uso. Bakhit ana makelele, lakini moyo anao, na neno lile alilitoa moyoni kweli.

Ghanim: Mie nna la Dole. Elfu na mia mbili.

Mimi: Ghanim, umesahau nani alikuwa mizanini? Kila msimu ulikuwa ukileta magunia manne, na moja limejaa makonyo, vijiti vitupu visivyo karafuu.

Ghanim: Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi.

Mimi: Miaka kumi na minane?

Ghanim: Zilikuwa nyingi mno, Mizani!

Bakhit: Msiharibu hisabu. Mia tatu, mia tano, elfu na mia mbili, ni elfu mbili kamili. Kwa mikarafuu elfu mbili unamwombea binti miaka miwili tu? Aendelee mpaka udaktari!

Ghanim: Na asiende peke yake. Nasriya wangu naye aende.

Marhoon: Nasriya ana miaka tisa.

Ghanim: Aende akazoee hewa!

Bakhit: Na karafuu bei inapanda. Kuweti nilimjua Mhindi, kila asubuhi ananambia, Bakhit, karafuu inapanda. Msimu mmoja tu unalipa deni lote, na zinabaki za kumkodia ndege aje kula chakula cha Ijumaa kwa mamake.

Ghanim: Kukodi kwa nini? Tununue. Aje na wenziwe.

Bakhit: Na akimaliza, chuo kikuu tunakijenga hapa hapa Sidab, yeye mkuu wake. Wamisri waje kwetu kuomba nafasi!

Marhoon: Na wewe, Mizani, kazi gani?

Mimi hujiona nina akili kuliko wenzangu, na kila siku nawacheka. Siku hiyo nilipiga goti kwa mkono nikasema: wekeni na nyumba yangu ya Malindi, Unguja mjini! Ghorofa mbili, mlango wa misumari ya shaba, tajiri akiuona tu atatoa fedha bila kuhesabu. Na nitakuwa mwekaji mali wa chuo, senti haitapotea! Tukapigiana makofi ya mikono. Kila mmoja nna, nna, nna, na kahawa inachemka juu ya mkaa hakuna anayeitazama. Ilikuwa raha, siwezi kuikana. Tangu tuje huku sikuwahi kusikia wanaume wanne wana mali nyingi namna ile.

Hapo ndipo Kheiria alipotokea kwenye kona. Alikuwa ametoka alfajiri na mama yake, Mahfoudha, kwenda Matrah kwa tajiri. Mama amepitiliza nyumbani kupumzika, yeye amekuja kwetu, baibui limejaa vumbi mpaka magotini na karatasi mbili mkononi, moja ya tajiri na moja ya Idara. Alisimama hatua chache kutoka ubaoni, kwa adabu.

Kheiria: Sabalkheri. Shikamooni.

Sote: Marahaba! Marahaba, daktari!

Marhoon: Kasemaje tajiri?

Kheiria: Amekubali, baba.

Hapo tulipiga kelele hata mbuzi wa jirani akaruka ukuta.

Kheiria: Ila ana suala moja. Anataka kujua mali ya rahani iko wapi, amtume mtu wake akaione leo.

Marhoon: Mwambie Mfenesini, mwanangu. Mikarafuu mia tatu, na kisima.

Bakhit: Na Bumbwini!

Ghanim: Na Dole, usisahau Dole!

Kheiria alimtazama baba yake. Hakucheka, wala hakukasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua.

Kheiria: Baba, Mfenesini nani anakaa sasa?

Marhoon aliikunja barua yake. Akamtazama Bakhit, Bakhit akamtazama Ghanim, na Ghanim Redio, anayesikia yote, akatazama ndara zake. Mashamba yetu ya Unguja yalichukuliwa baada ya mapinduzi, sote tulijua, tulikuwepo. Lakini tangu mwaka wa sitini na nne, kila mmoja alikokuwa, tulikuwa tunayataja kila siku kama vile tumefunga mlango tu tumekwenda sokoni, na hakuna aliyepata kumuuliza mwenziwe nani yumo ndani. Mimi nilifikiri nyumba yangu ya Malindi. Sijui nani anafungua madirisha yake asubuhi. Niliumia, na niliona haya, kwa sababu nusu saa nzima nilikuwa nimemkopesha mtoto wa watu kitu nisichokuwa nacho.

Marhoon: Nisamehe, Kheiria.

Kheiria: Hapana la kusamehe, baba. Mie nilitaka nijue kama iko njia ya tajiri, na sasa najua. Nachukua ya Idara.

Marhoon: Watakupeleka popote, mwanangu. Majabalini.

Kheiria: Majabalini hawako watoto wa kike?

Marhoon: Miaka mitano!

Kheiria: Idara hawataki shamba wala nyumba. Wanataka miaka, na miaka nnayo.

Alisema nnayo, na ya kwake ilikuwa kweli. Bakhit akaruka juu, akapiga kelele kwamba Kuweti hakuna msichana kama huyu, hata mmoja, na tukaanza upya sote kwa pamoja, Ghanim akiapa kwamba kamba ile ya skuli ataikagua mwenyewe. Nilipangusa ubao kwa shuka yangu, Kheiria akaweka karatasi ya Idara, nikampa kalamu. Akatia sahihi yake ndogo, imenyooka.

Marhoon: Na mimi natia wapi?

Kheiria aliipitia karatasi juu mpaka chini, akaigeuza, akairudisha.

Kheiria: Hii haina pahala pa mzee, baba. Wanataka yangu tu.

Marhoon: Nipe kalamu.

Kheiria: Baba, hawakuuliza.

Marhoon: Sikungoja kuulizwa.

Akapiga magoti mbele ya ubao, yule mtu wa haya zake, akaandika chini ya jina la binti yake: baba yake, Marhoon. Kisha akaandika jina la baba yake mwenyewe, na la babu, na la babu wa babu, na kabila, na mji waliotoka bara ya Oman kabla hawajaijua Unguja. Mstari ukaisha, akapanda ukingoni mwa karatasi, anaandika polepole, herufi nzuri za chuoni alikosomea Kurani. Bakhit alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu. Adhuhuri ilikuwa karibu, na Kheiria alisimama akamngojea mpaka alipomaliza.