Mwalimu Placida Kokwijuka na Waridi Lililokuwa Tasa

Mwalimu Placida Kokwijuka, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Februari 1956 huko Nyakatuntu, mtoto wa tatu wa Mzee Rweyemamu na Mama Sperancia. Mama yake alipenda kusimulia jinsi alivyokuwa akimkuta shambani amepasua maua ya maboga, anatafuta kilichomo ndani.

Alisoma shule ya msingi Isingiro na sekondari Bukoba, kisha akasomea ualimu Morogoro. Tangu 1979 hadi alipostaafu mwaka 2016 alifundisha baiolojia katika sekondari za Karagwe. Wanafunzi walimwogopa wiki ya kwanza tu.

Tarehe 18 Julai 1981 alifunga ndoa na Bwana Nolasco Byarugaba, ofisa ushirika kutoka Muleba. Walijenga Nyakakika na kujaliwa watoto watatu.

Baada ya kustaafu alihamia kwenye mawaridi. Yale ya parokiani yalikuwa yakipukutika kila mvua kwa ugonjwa wa madoa meusi, naye hakupenda kuyatazama yakiteseka. Alitafuta waridi la mwituni lenye asili ya Ethiopia, lisilougua, akalichavusha na la bustani. Mche uliopatikana ulikuwa imara na wenye maua mazuri, ila haukuzaa mbegu hata moja. Kila mgeni alielezwa sababu: la bustani lina seti nne za kromosomu, la mwituni mbili, mtoto wao kapata tatu, na tatu hazigawanyiki sawa kwa wawili.

Misimu ikapita. Siku moja mumewe alimwambia, “Mama Joviana, ua limekataa. Liache lipendeze tu.”

“Baba Joviana, zile seti tatu tukizizidisha zikawa sita, zitagawanyika. Nivumilie.”

Rwegoshora, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa maabara ya maua Arusha, alikuja likizo na kolkisini, dawa kali inayofanya chembehai ibaki na kromosomu maradufu. Walivaa glavu, wakaidondoshea kwenye machipukizi. Mengi yaliungua. Moja likakua na majani mazito, na mwishoni mwa mwaka 2022 tawi lile likazaa matunda yenye mbegu. Siku hiyo Mwalimu alikaa chini palepale bustanini, akalia.

Mbegu za waridi hutaka baridi kabla ya kuota, na Bwana Saleh, mwenye duka Kayanga, alimpa nafasi kwenye friji yake. Zikiwa humo, Mwalimu aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akapelekwa Mwanza. Aliogopa kufa kabla hazijaota. Saleh alikuwa akimpigia simu wodini: “Shikamoo Mwalimu. Watoto wako wamelala salama, soda nimezihamisha.”

Alirudi akapanda mwenyewe. Zikaota. Maua ya kwanza yalifunguka mvua zikinyesha, majani yake safi hayana doa. Oktoba mwaka jana aliyachavusha tena kwa brashi, akamwambia mumewe, “Haya sasa yatazaa bila mimi.”

Alifariki nyumbani tarehe 3 Januari 2026, mumewe akiwa amemshika mkono. Matunda ya Oktoba yameshaanza kuiva.

Ameacha mume, watoto Joviana, Deodatha na Protase, wajukuu saba, na wanafunzi wengi katika Karagwe na Kyerwa.

Mwalimu wetu, Bwana akupe pumziko lenye amani.