Marlys Kubicek Pospisil, Mshika Funguo wa Uwanja wa Plum Fork

Padre wetu, ndugu wa familia za Kubicek na Pospisil, majirani, makocha, na ninyi watoto mliokuja na sare zenu za mchezo, Marlys mwenyewe, akiwa bado na nguvu ya kushika kalamu, alituomba tusome maisha yake kwa tarehe kamili na tusimsifu kwa ushujaa, kwa sababu alisema hajawahi kuwa shujaa hata siku moja, na sisi wadogo zake tulioishi naye tunajua kwamba hakuwa akijishusha, alikuwa akisema kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1963, hapa hapa Plum Fork, Nebraska, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa mzee Ladislav Kubicek, aliyefanya kazi kwenye maghala ya mahindi, na mama Blanche, fundi cherehani. Mzee Ladislav ni mmoja wa wale akina baba saba ambao mwaka 1952 walisawazisha shamba nyuma ya maghala, wakapima besi, vile vituo vya wakimbiaji, kwa kamba ya kufungia ng'ombe, na kuanzisha Ligi ya Vijana ya Plum Fork ya mchezo wa besiboli kwa timu nne zilizobeba majina ya waliowanunulia fulana, yaani Duka la Mbegu, Bucha, Zimamoto na Kiwanda cha Maziwa, kwa hiyo Marlys alikulia uwanjani, akajifunza kutembea akishikilia waya wa uzio, na kufikia miaka tisa alikuwa akirusha mpira kwa nguvu kuliko kaka yake.

Alianza shule ya msingi ya Mtakatifu Ludmila mwezi Septemba 1969, na mwaka 1975, wasichana walipokuwa wamekubaliwa ligini kwa msimu wa pili tu, akawa msichana wa kwanza kusimama kwenye kichuguu cha mrushaji katika uwanja huu, akivaa fulana ya Duka la Mbegu, huku watu wazima waliokaa kwenye mbao za watazamaji wakimpigia kelele, "Rudi jikoni ukakande unga wa mikate!" na yeye akiwajibu kwa kuwatoa mchezoni watoto wao mmoja baada ya mwingine.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1975, saa tisa alasiri, Duka la Mbegu lilicheza na Bucha, na aliyekuja na gongo la kupigia mpira alikuwa Dwight Sedlak, mwenye umri wa miaka kumi na miwili kama yeye, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye alitabasamu akamwambia, "Rusha, jirani, usinionee huruma!" Marlys alirusha. Haukuwa mpira wa kasi kuliko mingine aliyokwisha kurusha siku ile, lakini Dwight aligeuka kifua mbele ili auguse kidogo tu kwa gongo, akaukosa, ukampiga kifuani kwa mlio mdogo, kama mtu anayebisha hodi, naye akapiga hatua mbili kuelekea besi ya kwanza, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi.

Marlys akacheka. Hili ndilo alilotaka tulisome bila kulificha, kwamba alicheka, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mbao, "Inuka, Dwight, acha maigizo!" na Dwight hakuinuka, na mwamuzi, mzee Orval Tichy, alipomgeuza, uso ulikuwa umebadilika rangi, na watu wazima zaidi ya sitini walimzunguka mtoto yule bila hata mmoja kujua la kufanya, mmoja akimmwagia maji, mwingine akimpepea kwa kofia, mpaka gari la wagonjwa lilipofika kutoka mji wa jirani baada ya dakika ishirini na sita.

Dwight alizikwa Jumatano. Msimu ulifungwa, geti likafungwa kwa mnyororo, na Marlys hakutoka ndani. Alihamia ghala la chini ya nyumba, kwenye rafu za mboga za chupa, kwa kuwa aliamini kwamba mikono yake ina kitu, kwamba yeyote atakayeguswa nayo atasimama moyo, na mdogo wake Doreen, aliyekuwa na miaka minne, alipokimbia kumkumbatia, Marlys alijirusha nyuma kama aliyeona nyoka.

Jumapili tarehe 20 Julai, Mama Sedlak, mzazi wa Dwight, alikuja nyumbani kwetu na sinia la kolache, maandazi ya Kicheki yenye plamu, na Marlys alipoisikia sauti yake juu alijibana nyuma ya tangi la maji ya moto, meno yakigongana katikati ya joto la Julai, akisikia viatu vya yule mama vikishuka ngazi kimoja kimoja, mpaka vikasimama.

"Marlys mwanangu," alisema, "toka hapo, sikuja na fimbo."

Marlys alizidi kujikunja nyuma ya tangi.

"Basi nitakaa hapa ngazini, magoti yangu hayana haraka. Ile fulana ya Bucha niliifua mimi. Asubuhi aliniambia tumbo linamuuma, nikamwambia acha uvivu, nenda kacheze. Umesikia? Kama tutagawana lawama, mimi nimekutangulia kwenye foleni, na sitaki unisukume."

"Mimi nilicheka, Mama Sedlak," Marlys akasema kutoka gizani.

"Najua. Nilikuwepo. Nami nilicheka."

Walikaa hivyo mpaka kahawa ya juu ikapoa, kisha Marlys akatoka, na tangu siku ile mpaka Mama Sedlak alipofariki tarehe 11 Februari 1998, kila Jumapili baada ya misa walikunywa kahawa pamoja, lakini mtu asidhani kwamba hofu iliondoka, kwa maana ilibadilisha chumba tu. Sisi wadogo zake tulizoea kuamka na kukuta sikio lake limelala juu ya vifua vyetu.

Alimaliza sekondari mwezi Mei 1981, akaenda kusomea uuguzi mjini Lincoln, akahitimu tarehe 12 Mei 1984, akaajiriwa kuwa muuguzi wa shule za wilaya yetu, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minane, na walimu aliofanya nao kazi waliopo hapa wanakumbuka kwamba mtoto akianguka uwanjani, kabla hajaanza kulia, Marlys alikuwa ameshafika. Tarehe 15 Juni 1985 alifunga ndoa na Wendell Pospisil, fundi wa mitambo ya maghala, mtu mpole asiyependa maneno mengi, ambaye mchana mmoja aliamka kwenye kochi akamkuta mkewe ameinama anamsikiliza moyo, akauliza, "Bado unapiga?" akajibiwa, "Unapiga," akasema, "Basi niache nilale," na ndoa yao ikaendelea hivyo kwa miaka karibu thelathini na minane. Mungu aliwajalia watoto wawili, Janelle, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1986, na Curtis, aliyezaliwa tarehe 23 Agosti 1989.

Katika miaka yote hiyo Marlys hakuwahi kupita barabara ya uwanja, alizunguka kwa upande wa reli hata wakati wa theluji, nayo ligi, iliyofunguliwa tena mwaka 1977, ilikuwa ikififia, timu nne zikawa tatu, na mwenyekiti wake alikuwa yule yule mzee Orval Tichy, ambaye baada ya siku ile hakuamua mchezo tena. Kisha mwanzoni mwa mwaka 1995 yalitokea mambo mawili kwa pamoja. Marlys alisoma kazini makala ya madaktari iliyoeleza kwamba mpira wa kawaida kabisa, ukimpiga mtoto kifuani katika sehemu ndogo mno ya sekunde, unaweza kuusimamisha moyo usio na ugonjwa wowote, na kwamba moyo huo unaweza kurudishwa ukishtuliwa kwa umeme ndani ya dakika chache, akaisoma mara tatu akiwa amejifungia kwenye chumba cha dawa, kwa kuwa jambo aliloliita laana kwa miaka ishirini sasa lilikuwa na maelezo, na maelezo yale yalimtisha kuliko laana. La pili, Janelle, mwenye miaka minane, alirudi nyumbani na karatasi ya kujiandikisha ligini.

"Hapana," Marlys alisema.

"Lakini mama, wenzangu wote wanacheza!"

"Nimesema hapana, Janelle."

"Wewe uliogopa ukaacha. Mimi kosa langu nini?"

Wendell aliweka uma wake chini, akasema, "Mama Janelle, huyu mtoto atacheza, kama si hapa basi mahali ambapo hatumuoni."

Jumanne tarehe 14 Machi 1995, katika ukumbi wa parokia, mzee Tichy aliwaambia wazazi kumi na wanane waliohudhuria kwamba amechoka, na asipopatikana mtu wa kupokea funguo, ligi itafungwa jioni hiyo hiyo, na wazazi wakaanza kutazama viatu vyao, ndipo Marlys, aliyekuwa amekuja ili ahakikishe kwamba inafungwa, alipojikuta amesimama, akishikilia kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Watacheza tu," alisema. "Mkifunga hapa watacheza barabarani, watacheza nyuma ya maghala, na hakuna atakayekuwa anawatazama. Kama ni lazima wacheze, basi funguo azishike mtu mwenye hofu."

Ndivyo alivyokuwa mwenyekiti, na hakuwa mwenyekiti rahisi. Alibadilisha mipira ya wadogo ikawa laini kidogo, akakataza mtoto kufundishwa kugeuzia mpira kifua, akatangaza kwamba hakuna mchezo utakaoanza bila watu wazima wawili waliojifunza kukandamiza kifua na kupuliza pumzi, na wanaume wazima wakapiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi kufanya mazoezi juu ya mwanasesere wa mpira, wakinung'unika. Walimpa jina la Mama Kifua. "Mwenyekiti, tuwavalishe magodoro?" walimuuliza, na alipoanza mwaka 2000 kuuza kolache kila mchezo ili inunuliwe mashine ya kushtua moyo, mmoja wao, ambaye leo ni kati ya waliobeba jeneza, alimwambia mbele za watu, "Unawatia watoto woga wako, mama, na mashine hiyo itaota kutu." Alimjibu, "Naomba iote." Mashine ilipatikana mwezi Mei 2002, ikatundikwa kwenye ukuta wa kibanda cha vinywaji, naye aliikagua betri kila asubuhi ya mchezo kwa miaka saba.

Jumamosi tarehe 13 Juni 2009, saa tano asubuhi, mpira uliorushwa na Brody Maresh, mwenye miaka kumi na miwili, ulimpiga kifuani Efraín Zamarripa, mwenye miaka kumi na mmoja, na Marlys, aliyekuwa kibandani akipanga barafu, aliusikia ule mlio mdogo. Hakuona kitu, alisikia tu, na alituambia baadaye kwamba kwa muda fulani, asiojua ni mrefu kiasi gani, miguu ilikataa, alikuwa na miaka kumi na miwili tena na kicheko kilikuwa kooni. Kisha akaing'oa mashine ukutani akakimbia.

"Efraín! Mijo! Amka!" mama yake alikuwa akipiga kelele, akimwita mwanangu kwa Kihispania, akiutikisa uzio, na Marlys alikuwa tayari amepiga magoti, anakandamiza, anahesabu kwa sauti, lakini ilipofika kubandua vibandiko vya mashine, vidole vyake vilishindwa kushika ncha ya karatasi. "Siwezi," alisema, "Janelle, siwezi, bandua wewe!" na Janelle, aliyekuwa kocha wa timu ya Zimamoto, akabandua, akabandika, mashine ikaamuru watu wote wasogee, na mwili wa mtoto ukaruka kidogo juu ya vumbi. Halafu Efraín akakohoa, akaanza kulia akimwita mama yake.

Watu walipokuwa wakishangilia na kumkumbatia, Marlys alijitoa mikononi mwao, kwa sababu alikuwa amemwona Brody, ambaye hakuwa ameondoka kwenye kichuguu, glavu imemziba uso, na suruali yake imelowa. Alikwenda akavua sweta lake akamfunga kiunoni.

"Anapumua," alimwambia. "Nimesikia kwa masikio yangu."

"Nimemuua."

"Hujamuua. Njoo umsikilize mwenyewe kabla gari halijamchukua."

Akamshika mkono, ule mkono wa kurushia, wakatembea pamoja mpaka kwenye machela, na Brody akaweka sikio.

Marlys aliendelea kushika funguo mpaka mwaka jana, na ligi ina timu kumi na moja leo. Tarehe 8 Septemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa katika hospitali moja mjini Lincoln mpaka mwezi Machi, aliposema kwamba inatosha na akaomba arudishwe nyumbani. Hatutawadanganya kwamba aliupokea ugonjwa kwa utulivu. "Naogopa, Dori," alimwambia mdogo wake Doreen, akimbana kidole, "nimeogopa maisha yangu yote, ungedhani nimezoea." Aliogopa maumivu, aliogopa kumwacha Wendell bila mtu wa kumsikiliza akilala, aliogopa kukutana na Dwight na kukosa la kumwambia.

Siku ya Jumatano tarehe 17 Mei 2023, watoto wa shule walikuwa likizoni na mazoezi yalianza mapema, na kwa kuwa nyumba iko mitaa miwili tu kutoka uwanjani, kila gongo lilipogonga mpira alishtuka kitandani, akakaza pumzi, akangoja, mpaka aliposikia kelele za watoto wanakimbia, ndipo akazishusha. Doreen akainuka ili afunge dirisha.

"Liache," alisema.

Alifariki saa nne na dakika arobaini asubuhi, mumewe na watoto wake wakiwa wamemzunguka, dirisha likiwa wazi. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Lincoln, wauguzi wa wilaya waliokuja nyumbani kila siku bila kuangalia saa, Padre wetu, walimu aliofanya nao kazi, majirani walioleta chakula mpaka friji ikakataa, makocha wote wa ligi, na familia ya Zamarripa, waliokesha nasi kama ndugu.

Dada yetu Marlys, kazi ya kuwatazama umeikamilisha. Lala sasa, upumzike, na amani ya Bwana ikae nawe.